Filamu ya dola 200: nani analipa ile yenye kubakia?

Kila mji wa Mashariki ya Kongo uko na kikundi cha vijana wenye kukutana siku ya yenga, simu mkononi, wakipanga kufanya filamu yao. Senario iko ndani ya kaye ya shule. Wachezaji ni marafiki, dada na majirani. Mahali pa kupigia picha ni parsele ya mzee mmoja mwenye roho nzuri. Ukiwauliza filamu itagharimu ngapi, jibu linakuja haraka: karibu bure.

Vikundi vya namna hiyo ni vingi kuanza, vichache kumaliza. Mara nyingi kipaji si ndicho kinakosa. Kazi inakatika katikati ya njia, siku ya tano ao ya sita, wakati mchezaji mkubwa amechoka kuja bila kula, ao wakati simu yenye picha zote imeibiwa. Filamu ya feza kidogo inawezekana, na mifano ya kweli iko. Lakini ile bei ndogo yenye watu wanapenda kutaja haisemi yote. Kila kitu ambacho feza haikulipa, kuko mtu aliyekilipa kwa njia ingine: kwa wakati wake, kwa nguvu zake, kwa mwili wake. Na mara zingine ni filamu yenyewe inalipa.

Wakaliga: matofali, vyuma vya zamani na kompyuta moja

Mfano wenye kujulikana sana unatoka karibu, Uganda. Kwenye kartie ya Wakaliga, ndani ya mji wa Kampala, Isaac Nabwana, mzaliwa wa mwaka 1973, alikuwa akifyatua matofali. Utotoni hakuzoea kuona filamu. Kaka zake ndio walikuwa wakienda kutazama, kisha wanarudi kumsimulia. Yeye alikuwa anazitengeneza kichwani. Akiwa mtu mzima, mwaka 2005, alianzisha nyumba yake ya filamu, Ramon Film Productions, jina lenye kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Siku hizi watu wengi wanaiita Wakaliwood.

Filamu iliyowatoa inje ya kartie ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Ni filamu ya vita na mateke, wachezaji wanasema Luganda, na inasemwa kuwa gharama yake haikufikia dola 200. Namna gani iliwezekana? Kompyuta ya montaji Nabwana aliiunga mwenyewe kwa vipande vya zamani. Fundi wa kikundi, Dauda Bisaso, alitengeneza silaha na mwili wa helikopta kwa vyuma vya kuokota. Kitambaa cha kijani kilitundikwa ukutani ili kompyuta iweze kubadilisha kile chenye kuonekana nyuma ya mchezaji. Milipuko na moshi vilitengenezwa ndani ya kompyuta, si kwa baruti. Wachezaji walikuwa watu wa kartie, wenye kuja kisha kazi zao.

Ukisoma orodha hiyo vizuri, unaona kwamba akili yote ya Wakaliga iko hapo: kikundi hakikuandika kwanza filamu kubwa kisha kutafuta vitu. Kilitazama kile chenye kuwa karibu, fundi wa vyuma, vijana wenye kujua karate, nyumba na vichochoro vya kartie, kisha filamu ikatoka ndani ya vile vitu.

Zile dola 200 zinahesabu nini?

Hesabu ya filamu ndogo inahesabu tu feza yenye kutoka mfukoni. Haihesabu siku za fundi wa vyuma. Haihesabu usiku wa montaji, wala umeme wenye kukatika na kazi yenye kurudiwa. Haihesabu kwamba mtu mmoja amebeba kamera, akaandika, akaongoza na kuunga picha peke yake kwa miezi. Kama kila mmoja angelipwa mshahara wa kibarua wa kawaida, ile bei ingepanda mara nyingi.

Na kuko deni lingine lenye kuja baadaye. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutunza filamu mbili kwa pamoja. Ili kufanya filamu yenye kufuata, ilibidi kufuta ile ya kwanza. Ndiyo maana kopi ya asili ya Who Killed Captain Alex? haiko tena. Ile yenye dunia inatazama leo ilitoka kwenye DVD, na juu yake kuko sauti ya VJ Emmie, mmoja wa wale watangazaji wa Uganda wenye kutafsiri filamu na kuchekesha watu wakati picha inaendelea. Sauti yake imekuwa sehemu ya utamu wa filamu, hiyo ni kweli. Lakini filamu yenyewe, sawa vile ilitoka kwenye mkono wa muongozaji, hakuna mtu anaweza kuiona tena. Diski moja ya ziada ingeiokoa.

Mwili pia ulilipa. Mwanzoni walitumia damu ya kweli ya ng'ombe ili majeraha yaonekane. Mchezaji mmoja akagonjwa. Kisha hapo wakabadilisha: maji yenye rangi nyekundu ya chakula, ndani ya kondomu yenye kufungwa chini ya nguo, inapasuliwa wakati wa risasi. Njia hiyo ni rahisi zaidi na salama zaidi. Ilipatikana tu kisha mtu kuumia.

Mtu aliyeuza mwezi wake mmoja

Mfano wa pili ni wa mbali na wa zamani zaidi, lakini unaonyesha jambo lile lile. Mwaka 1991, Robert Rodriguez, kijana wa Texas, Marekani, alienda kupiga picha za filamu yake ya kwanza ndefu, El Mariachi, kwenye mji wa Ciudad Acuña, Meksiko, karibu na mpaka. Gharama ilikuwa karibu dola 7,000. Sehemu kubwa ya feza hiyo ilitokana na mwili wake: alikubali kufungiwa mwezi mmoja kwenye kituo cha utafiti, dawa mpya ya kupunguza mafuta ya damu ikajaribiwa juu yake, na akalipwa dola 3,000. Akiwa humo ndani aliandika senario, na mmoja wa wagonjwa wenzake wa kujaribiwa, Peter Marquardt, ndiye alicheza adui mkubwa wa filamu.

Kazi yenyewe ilichukua kama wiki mbili. Rodriguez alikuwa peke yake nyuma ya kamera, na kamera ilikuwa ya kuazima. Alipotaka picha yenye kutembea, alikaa ndani ya kigari cha mlemavu, mtu akamsukuma. Taa zilikuwa za kawaida, za mezani. Wakati ule picha zilikuwa zinashikwa kwenye ukanda wenye bei kali, basi kila tendo lilichezwa mara moja tu, na kosa dogo liliachwa sawa vile lilivyo. Wakati wa kuandika alikuwa amefanya orodha ya vitu vyenye kuwa karibu: mbwa, basi, gitaa, baa, mji mdogo. Hadithi ikapita mule.

Mwaka 1993 filamu hiyo ilipata tuzo ya watazamaji kwenye festivali ya Sundance, na kampuni ya Columbia ikaitoa kwenye majumba ya sinema. Watu wanapenda kusimulia mpaka hapo. Wanasahau kuongeza kwamba kabla ya kuonyeshwa, kampuni ilitumia feza nyingi kuliko zile 7,000 ili kusafisha sauti na kuhamisha picha kwenye ukanda mkubwa wa sinema. Filamu ya bei ndogo ilifika mbali, lakini safari ya kufika ililipwa na mwenye feza.

Simu haitoshi

Leo ukanda hautumiwi tena sana. Simu ya kawaida inashika picha nzuri, na kuko programu za montaji zenye kupatikana bure. Vijana wengi wanasema basi shida imeisha. Wanataja Tangerine, filamu ya Mmarekani Sean Baker ya mwaka 2015, yenye kupigwa yote kwa simu za iPhone. Ni kweli. Lakini Tangerine iligharimu karibu dola 100,000. Kamera ilikuwa simu. Sauti ilishikwa kwa mikro za kazi, na watu walilipwa.

Hapo ndipo pengo la filamu nyingi za vijana. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo, ao yenye kutikisika. Havumilii maneno yenye hayasikiki. Kwenye miji ya Mashariki kuko pikipiki, jenereta za majirani, muziki wa baa, mvua juu ya mabati. Mikro ya simu, ikiwa mita tatu mbali na mchezaji, inakamata hiyo yote na kuacha sauti ya mtu nyuma.

Dawa si lazima iwe ya bei. Simu ya pili, yenye kuwekwa karibu sana na mdomo wa mchezaji, mfukoni mwa shati ao nyuma ya kitu mezani, inaweza kushika sauti peke yake. Mwanzoni mwa kila tendo mtu anapiga makofi mara moja mbele ya kamera. Wakati wa montaji, ule mlio mmoja unasaidia kulinganisha picha na sauti. Rodriguez mwenyewe hakuweza kushika sauti pamoja na picha, juu kamera yake ilikuwa inapiga kelele. Kisha kila tendo aliwaambia wachezaji warudilie maneno yale yale mbele ya kinasa sauti cha kaseti, na akayaunganisha kwa mkono. Mahali mdomo na sauti vilikataa kulingana, alikata na kuonyesha kitu kingine: mbwa, mkono, uso wa yule mwenye kusikiliza. Wengi waliona kwamba filamu inaenda mbio kwa ufundi. Kumbe alikuwa anaficha shida.

Sahani 240

Kitu chenye kumaliza filamu ndogo haraka kuliko vyote ni chakula na usafiri. Tuseme kikundi kiko na watu 12, wanafanya kazi siku 10, na kila mmoja anakula mara mbili kwa siku. Hizo ni sahani 240. Ongeza maji. Ongeza pikipiki kwa wale wenye kukaa mbali, kwenda na kurudi: safari zingine 240 kama wote wanakaa mbali. Kikundi chenye kuwa na kamera nzuri bila sahani kitasimama siku ya nne. Kikundi chenye mama mmoja mwenye kupika vizuri, na gunia la muchele lenye kununuliwa mapema, kinaweza kumaliza hata na simu ya zamani.

Ndiyo maana watu wenye uzoefu wanapunguza kwanza siku, si vifaa. Matendo yote ya nyumba moja yanapigwa siku moja, hata kama moja ni la mwanzo wa hadithi na lingine la mwisho. Lakini hapo lazima mtu mmoja abaki na daftari: mchezaji alivaa shati gani, kidonda kilikuwa upande gani, nywele zilisukwa namna gani. Bila daftari, dada anaingia mlangoni na misuko na kutokea upande wa pili na nywele fupi.

Na kisha chakula kuko neno lenye kuleta ugomvi mwingi: filamu ni ya nani? Wakati hakuna feza, kila mtu anasema tutaona mbele. Filamu ikipata tuzo ndogo ao ikianza kuuzwa, rafiki wa jana anakuwa mshitaki. Karatasi moja ya kawaida, yenye kuandikwa kabla ya siku ya kwanza, inaweza kuzuia hiyo: majina ya wote, kazi ya kila mmoja, na namna watagawana kama feza inaingia. Kama makubaliano ni kwamba hakuna malipo, hiyo pia iandikwe, ili yule mwenye kukubali ajue anakubali nini. Kwa mtoto, mzazi anatia sahihi. Kwa muziki, mwenye wimbo anaombwa mapema; wimbo mkubwa wa redio wenye kuwekwa bila ruhusa unaweza kufanya filamu iondolewe kwenye intaneti.

Hapa Mashariki, bunduki ya bandia si mchezo

Si kila akili ya Wakaliga inaweza kuhamishwa hapa. Silaha ya vyuma vya zamani, barabarani Kampala, inachekesha watoto. Kwenye miji na vijiji vyenye kuishi na vita, mtu mwenye kubeba kitu chenye kufanana na bunduki, ao mwenye kuvaa nguo zenye kufanana na za askari, anaweza kupigwa risasi kabla hajaeleza kwamba ni filamu. Wakaaji pia wanaweza kukimbia na kuumizana. Tendo la namna hiyo linafaa kufanywa ndani ya parsele yenye ukuta, majirani wakiwa wamejulishwa, ao liachwe kabisa. Mlio wa risasi unaweza kuongezwa wakati wa montaji. Hofu kwenye uso wa mama mwenye kusikiliza mlangoni mara nyingi inasema zaidi kuliko bunduki kumi.

Ruhusa nayo inatafutwa mapema: kwa shefu wa kartie, kwa wenye mamlaka wa mahali, na kwa mwenye nyumba. Karatasi inabaki kila siku mfukoni mwa mtu mmoja mwenye kujulikana. Kamera haielekezwe kwenye kambi, kizuizi ao daraja lenye kulindwa, hata kama jua linazama vizuri nyuma yake.

Kuko jambo gumu zaidi: watu wenye kuteseka kweli. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, amejenga kazi yake yote juu ya swali hilo. Filamu yake Maman Colonelle, ya mwaka 2017, inafuata Koloneli Honorine Munyole, polisi mwanamke aliyetoka kazi Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Katika En route pour le milliard, yenye kuchaguliwa na festivali ya Cannes mwaka 2020, anasafiri kwa mashua juu ya mto Kongo pamoja na walemavu wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, wenye kwenda Kinshasa kudai malipo yao. Hamadi anashika kamera mwenyewe, na anakaa na watu muda mrefu. Hiyo njo namna ya filamu ya feza kidogo ambayo studio kubwa haiwezi kununua: wakati. Mtu mwenye kuja na kamera kubwa saa mbili na kuondoka hatapata yale maneno yenye kusemwa usiku, juu ya mashua, wakati mvua inapiga hema.

Lakini wakati huo unaleta deni. Mtu mwenye kueleza kidonda chake mbele ya kamera anapaswa kujua picha itafika wapi: kwenye simu za jirani zake, kwenye intaneti, kwa wale waliomuumiza. Akisema hapana kisha kukubali, hapana yake inaheshimiwa. Uso unaweza kufichwa, jina linaweza kubadilishwa. Filamu itakosa tendo moja. Yeye ataendelea kulala nyumbani kwake.

Kisha filamu kuisha, nani ataiona?

Wakaliwood ilipata jibu lake kwa miguu. Wachezaji wenyewe walibeba DVD, wakauza mlango kwa mlango, na kila mmoja alipata sehemu ya bei ya zile alizouza. Ilibidi kuuza haraka, ndani ya siku za kwanza, kabla wezi wa kopi hawajajaza soko. Mwaka 2015 waliomba msaada wa dola 160 tu kwa njia ya intaneti ili wafanye filamu nyingine. Watu wa inchi mbalimbali wakatuma zaidi ya dola 13,000. Lakini hiyo ilikuja kisha miaka mitano ya kujulikana, na kisha Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, kuja kukaa Wakaliga na kufanya kazi ya kuwatangaza. Filamu haijitangazi.

Hapa DVD imekwisha karibu yote, filamu zinapita kwa flashi na simu. Kopi moja ikitoka, imetoka. Basi vikundi vingine vinaonyesha kwanza kwenye salle, kwa tiketi ndogo, jioni mbili ao tatu, kabla ya kuachia kopi yoyote. Festivali ni mlango mwingine. Goma iko na kituo cha Yole!Africa, chenye kuanzishwa na muongozaji Petna Ndaliko Katondolo, ambacho kimefundisha vijana kushika kamera na kuzaa festivali ya sinema mjini. Na njia ya inje haijafungwa kwa filamu za kwanza: Maki'la, filamu ya kwanza ndefu ya Machérie Ekwa Bahango juu ya watoto wa barabarani wa Kinshasa, ilionyeshwa kwenye festivali ya Berlin mwaka 2018, na inasema Lingala.

Kwa kikundi chenye kuanza, filamu ya dakika tano, yenye kupigwa siku mbili katika parsele moja, inafundisha karibu yote yenye filamu ndefu inafundisha, na kosa lake halimalizi urafiki. Kabla ya siku ya kwanza, karatasi moja yenye sehemu tatu inatosha. Ya kwanza: vitu vyenye kuwa tayari. Ya pili: vitu vya kununua, kuanzia na chakula na diski ya pili yenye kulala nyumba ingine kila usiku. Ya tatu ndiyo wengi wanaacha wazi: kila mtu mwenye kutoa kitu bila kulipwa, jina lake, kile anatoa, na siku ngapi anaweza kukitoa bila nyumba yake kulala njaa.